Uliza Ujibiwe: Mwanya wa Jiwe na Kifua cha Mtu

Tangu safu hii iguse habari ya vijana wanaowinda pimbi kwenye vilima vya mawe, barua hazijakatika. Nyingi zinauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti, hivyo tumezifupisha. Majina tumeyaacha, tumebakiza mahali zilikotoka.

SWALI (Nzega): Wazee wa safu hii, shikamooni. Sisi vijana wa huku tukimfuata pimbi tunaingia naye kwenye mianya ya mawe. Kanuni tuliyoikuta ni moja tu: kichwa kikipita, mwili unapita. Ni ya kweli?

JIBU: Marahaba. Kanuni hiyo ni ya paka. Mitulinga ya paka (mifupa ya kati ya shingo na bega) haikuungana na mifupa mingine, imeelea ndani ya misuli, ndiyo maana kichwa kikipita mabega hujikunja yakafuata. Mtu ameumbwa vingine. Kichwa cha mtu mzima kikilazwa upande hupita penye nafasi ya sentimita 16 au 17. Kifua cha kijana mwembamba, kutoka mgongoni hadi mbele, huwa sentimita 20 na zaidi, na nyonga nazo haziko mbali na hapo.

Tena kifua hakina kipimo kimoja. Ukitoa pumzi kinanywea, ukivuta kinajaa. Kijana anafika penye kubana, anatoa pumzi yote, anasukuma kwa vidole vya miguu, anasogea kiasi cha kiganja. Sasa anataka kuvuta pumzi na jiwe halimpi nafasi. Anavuta nusu. Anatoa tena, anasogea tena. Kila akitoa pumzi mwili unateleza mbele kidogo, na kila akivuta unakazwa pale ulipofika, kama kabari inayogongwa. Akija kugundua kwamba mbele hapapitiki, amekwisha kujigonga mara kumi.

Mawe ya kwetu yana hila yake ya ziada. Mapango ya Amboni kule Tanga ni ya chokaa, yamechongwa na maji. Vilima vya huku kwetu ni graniti iliyopasuka na kubebana, jiwe juu ya jiwe, na mnachokiita pango ni nafasi iliyobaki katikati. Nafasi hiyo mara nyingi ni pana juu na nyembamba chini, kwa hiyo uzito wako mwenyewe ndio unaokushindilia. Chembe za graniti nazo hushika nguo. Ukiingia kichwa mbele, shati limenyooka. Ukirudi nyuma linabaki kwenye jiwe, linapanda hadi kwapani, linajikunja na kukuongezea sentimita moja au mbili mahali ambapo hapakuwa na hata nusu ya kupoteza. Mkanda wenye kifungo cha chuma, simu mfukoni na ala ya kisu hufanya kazi hiyohiyo.

Mkasa unaotajwa zaidi ulitokea Novemba 2009 katika pango la Nutty Putty, jimbo la Utah, Marekani. Kijana wa miaka 26 aliingia kichwa mbele kwenye mwanya wa takriban sentimita 25 kwa 45, akidhani ni njia nyingine inayojulikana. Akanasa kichwa chini, miguu juu. Waokoaji zaidi ya mia walifika. Wakafunga kamba na kapi ukutani, wakamvuta, akainuka kidogo, kisha nanga moja (chuma kilichoshikilia kapi) ikang'oka kwenye mwamba naye akarudi palepale. Alifariki baada ya saa zipatazo 27, na pango likazibwa yeye akiwa humo.

Hakufa kwa jiwe kumwangukia. Mkao ndio uliomwua. Mtu akikaa kichwa chini, ini na matumbo hulalia kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu) na kuyabana mapafu, damu hujaa kichwani na kifuani, na moyo unalazimika kuisukuma kuelekea miguuni, kazi ambayo haukuumbiwa kuifanya kwa saa nyingi. Linganisheni na wachimbaji wa Nyangalata, wilayani Kahama, jirani zenu hapo. Walifukiwa Oktoba 5, 2015, na watano wakatolewa hai Novemba 15, baada ya siku 41. Walikula mizizi, mende na vyura, wakanywa maji yaliyovuja mwambani. Walikuwa chini ya ardhi kwa muda unaotisha, lakini waliweza kuketi, kujigeuza na kuvuta pumzi kamili.

Kwa hiyo kanuni ya kurithi ibadilishwe. Kwenye mteremko wowote usioujua mwisho wake, miguu itangulie. Ukinasa, kichwa chako kiko juu, mikono yako iko upande wa wenzako, na wanaweza kukupa maji na kamba. Na kipimo cha kwamba unapita ni hiki: upite huku unapumua kawaida. Mahali panapokudai utoe pumzi kwanza, huko si kupita, ni kujinasa. (Habari ya kibali cha uwindaji tunawaachia maofisa wanyamapori.)

SWALI (Urambo): Mtu akishanasa, afanye nini? Na sisi tulio nje tufanye nini? Tulizoea kumfunga kamba mguuni na kuvuta.

JIBU: Hilo la kamba mguuni liacheni kabisa. Kamba ikifungwa kifundoni na watu wanne wakavuta, mara nyingi kinachotoka ni kiungo cha mguu kwenye nafasi yake, na mwili unabaki. Zaidi ya hapo, kuvuta moja kwa moja hukaza mfupa kwenye ukingo uleule uliomzuia.

Aliyenasa jambo la kwanza anyamaze kutapatapa. Hofu huharakisha pumzi, pumzi za haraka hujaza kifua, na kifua kilichojaa hakitoki. Ahesabu: kuvuta hadi tatu, kutoa hadi sita, kwa dakika mbili tatu, mpaka mikono iache kutetemeka. Kisha ajiulize ni nini hasa kilichoshika, kwa sababu ni mara chache mwili mzima unanasa kwa pamoja. Ni nyonga? Ni bega la kulia? Ni mfuko wa suruali? Ni helmeti? Kilichoshika kikijulikana, dawa yake hupatikana. Bega hulegea mkono mmoja ukinyooshwa mbele na mwingine ukibaki ubavuni, kwa sababu mabega yanakaa mshazari na upana wake unapungua. Nyonga hulegea kwa kujigeuza ubavu. Kama ni nguo, aliye nyuma ashike pindo la shati na kulivuta kuelekea miguuni mwenzake anaporudi, lisijikunje.

Kurudi nyuma kufanywe wakati wa kutoa pumzi, kidogo kidogo, sentimita kwa sentimita, kisha apumzike. Asifuate njia ya mkato ya kujaribu kusonga mbele "huenda kukapanuka". Alikotoka anakujua, mbele hakujui.

Nyie mlio nje, mtu mmoja tu aongee naye, na asiache kuongea. Sauti kumi zinazopishana humtia wazimu. Mmoja akimbie kwenye mtandao apige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, aeleze mambo manne: mahali, saa aliyonasa, kichwa kiko juu au chini, na anapumuaje. Msisubiri mjaribu kwanza kwa muda wa saa tano ndipo mpige. Kama kichwa kiko chini, kazi ya kwanza ni kupunguza huo mwinamo hata kidogo: kusukuma gunia lililokunjwa chini ya kifua, kushikilia miguu yake asizidi kuteremka. Maji ya sabuni au mafuta ya kula husaidia kama kilichonasa ni ngozi tupu kwenye jiwe laini. Kwenye graniti yenye chembe hayafui dafu, na yakimfikia machoni yanaongeza balaa.

Jiwe likiwa limembana mguu kwa saa nyingi, msilinyanyue ghafla kwa furaha. Misuli iliyobanwa hufa na kukusanya potasiamu na sumu nyingine. Ikiachiliwa, sumu hiyo hukimbilia moyoni na kwenye figo, na mtu aliyekuwa anaongea nanyi anaweza kuzimika dakika chache baada ya kutolewa. Mhudumu wa afya awepo, aliyebanwa awekewe dripu kwanza, ndipo jiwe liondolewe.

Baridi pia isidharauliwe eti kwa sababu Tabora kuna joto. Hewa ya pangoni hukaribia wastani wa joto la mwaka la mahali, kwetu huku nyuzi ishirini na kitu. Lakini anayelala amegusana na jiwe lenye unyevu hupokonywa joto usiku kucha. Apewe maji yenye sukari na blanketi, angalau mgongoni.

SWALI (mzazi, Igunga): Naomba kuuliza bila kumtukana mtu. Mwenye akili zake timamu anafuata nini kwenye tundu la namna hiyo?

JIBU: Mama, sababu zipo, na si zote za kipumbavu.

Ya kwanza ni riziki. Floyd Collins wa Kentucky, Marekani, alikuwa anatafuta pango jipya la kuonyesha watalii, maana watu wa eneo lake walikuwa wanashindana kwa mapango kama wenye maduka wanavyoshindana kwa wateja. Januari 30, 1925 jiwe la kilo zipatazo 12 tu lilimwangukia mguuni ndani ya njia nyembamba. Kilo 12! Lakini mikono yake haikuweza kulifikia, na mwenzake asingeweza kumpita ili alifikie. Njia ikaporomoka kati yake na waokoaji, na shimo la pembeni lilipomfikia Februari 16 alikuwa amekwisha kufa.

Ya pili ni elimu. Mwaka 2013, katika pango la Rising Star nchini Afrika Kusini, wapenda mapango wawili walijipenyeza kwenye ufa wa wima wenye sehemu isiyozidi sentimita 20 na kukuta chumba kilichojaa mifupa. Profesa Lee Berger, mtafiti wa mifupa ya kale, mwenyewe hakuweza kupita, ikabidi atangaze kutafuta wanasayansi wembamba. Waliochaguliwa walikuwa sita, wote wanawake. Walitoa vipande zaidi ya 1,500 vya mifupa ya jamii ya kale ya nasaba ya binadamu iliyopewa jina Homo naledi. Tazama walivyojiandaa: kabla ya kazi kuanza zilitandazwa nyaya za kamera na mawasiliano hadi ndani, na nje kulikuwa na kikosi kinachofuatilia kila anayeingia na kutoka.

Ya tatu ni ile raha ya kukanyaga mahali ambapo hakuna aliyewahi kukanyaga. Juu ya ardhi mahali pa namna hiyo pamekwisha. Anayependa mapango huliona tundu jeusi kama mvuvi wa Ujiji anavyoyaona maji asiyowahi kutega. Hatumlaumu.

Ya nne ni yetu wenyewe, na tunaitaja kwa sababu ina watu wake hapa mkoani: dhahabu ya Mjerumani. Uvumi huu una mzizi wa kweli. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewakatia Wajerumani njia ya bahari, walifyatua sarafu katika karakana ya reli hapa Tabora, na mojawapo ni ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu ilitoka Sekenke, upande wa Singida. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Kutoka hapo hadithi ikaota mbawa: masanduku yalifichwa mapangoni, kuna alama ya mshale kwenye jiwe, kuna mzee anayejua. Hesabu yake ni hii: sarafu zote zilizotengenezwa zilizidi kidogo 16,000, kila moja gramu saba na ushei, na tangu siku ya kwanza zilitolewa zitumike. Hakuna sababu ya kudhani zimelala kwenye mwanya wa pimbi.

SWALI (Kasulu): Huku kwetu Kigoma tunachimba visima kwa mkono. Kabla ya kuingia tunateremsha mshumaa. Ukiwaka, tunaingia. Je, mapangoni nako inafaa?

JIBU: Haifai mapangoni wala kisimani. Tunaomba mliosoma hadi hapa msome jibu hili mara mbili.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Mshumaa huzimika ikishuka kwenye 16 hivi. Mtu naye akifika hapo tayari anapumua haraka na akili imeanza kumdanganya. Ikifika 10 anaanguka. Mwaka 2018, wale vijana 12 na kocha wao waliofungiwa na maji katika pango la Tham Luang, Thailand, oksijeni ilipimwa huko ndani ikaonekana imeshuka hadi 15. Kwa hiyo mshumaa unapozimika unakupa taarifa iliyochelewa.

Ubaya zaidi, mshumaa hauoni hewa ukaa ipasavyo. Hewa hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu, hivyo hutuama chini kama maji, hasa penye majani yaliyooza. Ikifika asilimia 5 mtu anahema na kichwa kinapasuka. Ikikaribia 10 anapoteza fahamu kwa dakika chache, na mshumaa ulioko naye unaweza kuwa bado unawaka. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye pampu ya petroli, nayo haina rangi wala harufu na haizimi kitu. Kamwe pampu ya injini isiteremshwe ndani ya shimo, wala isiwekwe mdomoni mwake upande upepo unakotoka. Na penye gesi inayowaka, huo mshumaa ndio kiberiti.

Kifaa cha kweli ni kipima gesi cha mkononi kinachosoma oksijeni, kaboni monoksaidi, salfidi ya haidrojeni (gesi nyingine ya sumu) na gesi inayowaka, kikiteremshwa kwa kamba na kusomwa kila mita moja au mbili. Kama hakipo, pigeni upepo safi hadi chini kwa feni yenye bomba, na upepo usikatishwe mtu akiwa ndani. Anayeshuka avae mkanda wa kifuani wenye kamba, na juu wawepo watu au winchi ya kumtoa bila mtu mwingine kushuka. Aliyeanguka chini asifuatwe bila hewa ya kubeba mgongoni. Kaka anamwona mdogo wake amelala, anaruka, anaanguka juu yake. Wa tatu anawafuata. Misiba ya visima huwa na majeneza mawili au matatu kwa sababu hiyo.

SWALI (Sikonge): Sisi ni warina asali. Nyuki wakiwa ndani ya ufa wa jiwe, ni vibaya kuingia na moshi?

JIBU: Ni vibaya sana. Kwenye mzinga mtini moshi unapaa, wewe uko nje. Ndani ya ufa moshi unarudi kwako, na nyuki waliochokozwa wana mlango mmoja tu, ambao umeuziba kwa mwili wako. Rina kutoka nje kwa fito na ndoana, au waacheni. Mkoa huu una miti ya kutosha kutundika mizinga.

SWALI (Kibondo): Kuna pango la popo karibu nasi, watu wanakusanya kinyesi chake kwa ajili ya mbolea. Hatari ni nyoka tu?

JIBU: Koboko yupo, na moma yupo, lakini nyoka si wa kwanza kwenye orodha yetu. Popo wa matunda wa Misri, anayekaa mapangoni, ndiye anayebeba virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoua. Katika pango la Kitum, Mlima Elgon nchini Kenya, wageni wawili waliolitembelea waliugua, mmoja 1980 na mwingine 1987. Jirani zenu Kagera walipata mlipuko Machi 2023, kisha Januari 2025 kule Biharamulo. Kinyesi kikavu nacho huota kuvu ambayo vumbi lake likivutwa hushambulia mapafu. Pango lenye popo wengi wa matunda lisiingiwe. Aliyekwisha kuingia akapata homa kali ndani ya wiki tatu aende hospitali, na amweleze daktari habari ya pango kabla hajasema neno jingine. Vinginevyo atapimwa malaria, apewe vidonge, arudishwe nyumbani kwa watoto.

SWALI (mwalimu, Tabora mjini): Nataka kuwapeleka wanafunzi kumi wa klabu ya jiografia kwenye mapango ya mawe. Nijiandae vipi?

JIBU: Mwalimu, kumi ni wengi kwa mwalimu mmoja. Wagawe makundi yasiyopungua wanne, kila kundi na mtu mzima anayelijua pango. Wanne kwa sababu mmoja akiumia, mmoja anabaki naye na wawili wanakwenda kutafuta msaada. Hakuna anayetembea peke yake.

Kila mtoto awe na helmeti yenye kamba ya kidevuni na taa ya kichwani, si tochi ya mkononi, kwa maana mikono yote miwili ina kazi. Mwanga wa akiba uwe wa pili na wa tatu, kwa kila mtu. Simu haihesabiwi. Ovaroli au nguo ya mikono mirefu isiyo na mifuko ya nje, viatu vyenye meno, lita moja ya maji. Kamba, kama itahitajika, iwe ya kupandia yenye unene wa milimita 10 au 11. Ya katani au ya manila ya kufungia mizigo haistahili kubeba mtu, na fundo lake likilowa halifunguki.

Chagueni mwezi wa kiangazi, Juni hadi Septemba. Mvua za huku zikianza Novemba, mianya inakuwa mifereji, na mvua iliyonyesha juu ya kilima ambacho hamkioni inawafikia bila kuwaaga. Mwachie mkuu wa shule karatasi yenye jina la pango, majina ya walioingia na saa: "Tusipopiga simu kufikia saa 10 jioni, piga 114." Sentensi hiyo ina thamani kuliko kamba. Na mwiko mmoja kwa wanafunzi: hakuna kutambaa kwa tumbo. Pasipopitika kwa kuinama au kwa magoti, ndipo mwisho wa safari.

SWALI (Ujiji): Je, ni kweli wanene ndio wanaonasa zaidi?

JIBU: Sivyo. Mnene hugota mlangoni, miguu yake iko juani na wenzake wanamfikia. Mwembamba hunasa mita 20 ndani, baada ya kona tatu, mahali ambapo mwokoaji wa umbo la kawaida hafiki. Mkiwa kundi, msimtangulize aliye mwembamba kuliko wote kama hamna mwingine wa umbo lake aliyebaki nyuma yake.